Nilivyoizika zahanati ya misheni Kisanga kwa sentensi moja ya Kiingereza

Ilianza Jumanne, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi.

Wakuu, natanguliza saa kabla ya salamu kwa sababu hiyo saa nina hakika nayo. Niliiandika kwenye daftari langu siku hiyohiyo, na daftari bado ninalo, limeliwa na mchwa pembeni tu. Sasa ndiyo nasema: wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo. Humu mimi ni msomaji wa miaka mitatu ambaye hajawahi kuchangia hata neno. Aibu tu. Kumbe hata nyuma ya simu mtu anaweza kuona aibu.

Ninayoandika ni ya kweli. Pale nilipokosea nitasema nilikosea, na ni pengi, kwa hiyo mkae vizuri.

Ni miaka ya sabini, wakati wa vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa form two, nasoma bweni Morogoro, niko likizo nyumbani Kisanga. Kwa wasiopajua, ni wilaya ya Kilosa, ila ukitaka kwenda Kilosa yenyewe kwa lori unazungukia Mikumi kwanza.

Kijiji chetu kilikuwa kipya. Sisi Wasagara tulikuwa tumeshushwa kutoka vilimani, tukawekwa mstari mmoja na Wanyamwezi waliokuwa wakikata mkonge kwenye mashamba ya upande wa Kilosa. Nyumba zimepangwa kama wanafunzi asubuhi ya ukaguzi. Ukikohoa, jirani anakupa pole.

Katikati ya kijiji paliachwa kiwanja cha zahanati. Ilikuwa ijengwe na misheni ya ng'ambo, nchi moja ya baridi sana, na ndani yake kuwe na wodi ya wazazi.

Mradi huo ulikuwa umeshaanguka mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa saruji. Ilikuja kwa meli, ikapanda treni, ikapanda lori, ikafika salama, ikawekwa kwenye banda la nyasi. Masika ikaingia. Mvua zilipokatika, kila mfuko umekuwa jiwe, na kila jiwe lina umbo la mfuko, hata mikunjo ya karatasi unaiona. Hatukutupa. Kila nyumba ilibeba jiwe lake likawa kiti cha uani. Nikienda nyumbani huwa nawaambia wajukuu wangu, kaeni hapo, hiyo ndiyo zahanati ya kwanza.

Mara ya pili ilikuwa madirisha. Akina mama wa kanisa la huko ng'ambo walifuma soksi na kuoka keki msimu mzima ili sisi tupate madirisha. Yakafika, mazuri ajabu. Vioo viwiliviwili, hayafunguki, yametengenezwa kuzuia baridi isiingie.

Kisanga, wakuu. Baridi.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Salumu, aliyagusa kwa adabu kabisa, akasema ni mazuri, ila mgonjwa humo ndani ataiva. Mwaka mzima ukapita tukisubiri barua ziende na zirudi.

Hii ninayosimulia ni mara ya tatu. Kamati ya ng'ambo ilikuwa imeandika waziwazi: hili ndilo jaribio la mwisho Kisanga. Likikwama, vifaa vyote vihamishiwe Magole.

Nyumbani kwetu jambo hilo halikuwa la mchezo. Mama yangu alikuwa mkunga wa kijiji. Uzazi ukiwa mgumu, mama mjamzito alibebwa kwa machela mpaka barabarani, wakangoja lori la kuwapeleka hospitali. Wengine hawakufika. Mama hakuwa akiwataja, ila nilijua kwa jinsi alivyorudi na kukaa bila kuvua kanga ya kichwani.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa mzungu mrefu, mpole, tuliyempa jina la Bwana Pimamaji kwa sababu kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa hakikumtoka mkononi. Alipima ukuta, alipima meza, na siku moja alionekana akikiweka juu ya ugali wake. Watu waliapa hivyo. Mimi sikuona.

Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia na kuomba maji. Mambo mengine alitafsiriwa na mwinjilisti wetu, na wiki ile mwinjilisti alikuwa Malolo kwenye semina. Wazee wakaangalia huku na kule wakaniona mimi, form two. Nikawa mkalimani.

Sasa mjue nilikuwa nani. Nilikuwa msichana ambaye mwalimu akiuliza swali, najua jibu, nasubiri mwingine akosee halafu naandika jibu sahihi kwenye daftari ili angalau lijulikane na mimi. Kutafsiri kwangu kulikuwa kutikisa kichwa na kunyoosha kidole.

Basi, Jumanne hiyo.

Mtaro wa msingi ulikuwa umekamilika. Kijiji kizima kilikuwa kimeuchimba kwa kujitolea, wiki tatu, Waislamu kwa Wakristo, kila nyumba na hatua zake. Siku hiyo ndiyo tunamwaga zege. Kokoto tayari, maji tayari, Bwana Pimamaji amepima chini ya mtaro mpaka ameridhika.

Akaja Babu Maganga.

Babu Maganga alikuwa Mnyamwezi, mzee wa mkonge, mwenye kofia ya ukindu aliyoivaa mpaka usingizini. Akasalimia watu vizuri, akavua viatu, akashuka mtaroni, akajilaza chali, akajifunika kanga usoni.

Kisha akatangaza, kwa sauti ya kilio, kwamba hatimaye Wasagara wanazikwa wote siku moja, tena kaburi zuri namna hii, limenyooka kuliko akili zao. Na yeye hatoki humo mpaka apewe jogoo.

Kwa vijana msioelewa: Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Kwenye msiba wenu, mtani anaruhusiwa kulala kaburini na kuzuia maziko mpaka mumpe kitu. Hakuna anayekasirika. Asipokuja ndipo mnakasirika, mnaona hawapendi. Na hapa Babu Maganga hakungoja hata msiba, alipoona shimo refu tu, mwili ulimtuma.

Watu wakacheka mpaka wengine wakaketi juu ya kokoto.

Bwana Pimamaji hakucheka. Alinigeukia akaniuliza kwa Kiingereza yule mzee anasema nini.

Kijiji kizima kikageuka kunitazama. Shingo ikaingia mabegani. Nikasema, neno kwa neno, nikitazama vidole vya miguu yangu: mzee anasema hili ni kaburi. Watu wamo humu. Hataki litumike.

Hiyo "hataki" niliiongeza mwenyewe, nisiseme uongo hapa. Nilitaka sentensi iishe. Mengine ni maneno ya Babu, au karibu yake. Kosa langu ni kwamba nilitafsiri maneno nikaacha kicheko. Na kicheko ndicho kilikuwa habari yenyewe.

Bwana Pimamaji alivua kofia. Akainamisha kichwa mbele ya mtaro. Baadaye nilikuja kujua kwamba kabla hajaletwa kwetu wakubwa zake walimwonya sana kuhusu makaburi ya watu, maana mahali pengine misheni ilijenga juu yake na uhusiano ukafa. Akaniambia niwaambie wazee kwamba anaomba radhi, na ardhi itarudishwa kama ilivyokutwa.

Sikuwaambia. Nilimwitikia kwa kichwa tu.

Akachukua beleshi, akaenda ncha ya mbali ya mtaro, akaanza kurudishia udongo.

Wakuu, naomba mfikirie kijiji kiliona nini. Kiliona mtani amelala kaburini, na mzungu, badala ya kutoa jogoo, ameanza kumzika kweli. Hakuna mtani duniani aliyewahi kujibu vizuri namna ile. Watu walipiga vigelegele. Vijana wakanyang'anyana mabeleshi wamsaidie. Msingi tuliouchimba wiki tatu ulifukiwa kabla jua halijafika utosini, kwa nyimbo.

Babu Maganga alivumilia mpaka udongo ukamfika magotini. Akanyanyuka, akajikung'uta, akalalamika kwamba huyu mtani mpya hana adabu, hata jogoo hakutaja. Ila usoni alikuwa anang'aa. Wote wakatawanyika wakisema kesho tutafukua, na kesho tumtayarishie Bwana jibu lake.

Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba hakuna kesho.

Maana nilimwona akiandika barua kwenye gogo, akaifunga, akampa dereva wa lori la misheni. Lori likaondoka na barua kwenda kuwahi treni ya Kilosa. Akaniambia, kwa sauti ya kunihurumia kabisa, kwamba amewaandikia kamati kuwa kiwanja ni makaburi, na lori likirudi kesho litaanza kubeba saruji kwenda Magole.

Nilikwenda nyumbani nikamkuta mama amerudi kutoka kwa mzazi, ananawa mikono. Akauliza kwa nini kiwanja kimekuwa tambarare. Nikamweleza yote. Nilitegemea kofi.

Mama alikausha mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Damari," akasema, "darasani wanasema huna mdomo. Kumbe unao. Umefungua mara moja tu, umezika wodi nzima."

Nikalia. Nikamwomba aende yeye kwa Bwana.

"Niende na Kiingereza cha nani? Uliyezika ni wewe, utakayefukua ni wewe. Nenda kabla jua halijashuka."

Nilipita kwanza kwa Babu Maganga. Nikapiga goti, shikamoo Babu, marahaba mjukuu wangu. Nikamweleza yote. Alikaa juu ya jiwe lake la saruji, akavuta kofia mbele, akauliza kama ni kweli yule mzungu alikuwa anazika kwa dhati. Nikasema ndiyo. Akauliza kama alivua kofia kwa dhati. Nikasema ndiyo. Akasema basi mzungu huyo amemheshimu kuliko mtu yeyote aliyewahi kumheshimu, na ni aibu kubwa, twende.

Ilikuwa saa kumi jioni tulipofika kwenye hema la Bwana Pimamaji. Alikuwa anahesabu mifuko ya saruji ya kuhama.

Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba pale hakuna makaburi, mzee alikuwa anatania. Niliyasema yote kwa pumzi moja, nadhani hata koma sikuweka.

Hakuniamini.

Na msimlaumu. Aliniuliza kwa upole: asubuhi umesema kaburi, jioni unasema si kaburi, na katikati wewe umelia, macho yako mekundu. Nani amekutuma ubadilishe maneno? Alidhani wazee wamenilazimisha kuficha wafu ili wasikose zahanati. Kila nilivyozidi kukana ndivyo alivyozidi kunionea huruma. Mtu mkarimu akikuonea huruma, hutoboi.

Babu Maganga akaniuliza anasema nini. Nikamwambia haamini kwamba wewe ni mtani.

"Basi nitanie," akasema Babu. "Hapa hapa, aone."

Mimi. Nimtanie mzee niliyetoka kumpigia goti.

Haki ninayo, Msagara ni Msagara hata akiwa form two. Wasichana wenzangu walikuwa wanamtupia maneno kila siku kisimani. Mimi nilikuwa nayatunga, maneno mazuri tu, nayaandika kwenye daftari. Kurasa na kurasa. Hakuna hata moja lililowahi kutoka.

Nilimtazama Bwana. Nilitazama mifuko. Nikanyoosha mkono, nikaivua kofia ya Babu Maganga kichwani mwake, kofia ambayo hata mkewe haigusi, nikaivaa mimi.

"Babu," nikasema, "siku ukifa tutakuzika umesimama. Kulala umeshazidi kupenda."

Babu Maganga alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika nguzo ya hema. Akajibu kwamba nani wa kumzika, maana akitangulia yeye, Wasagara wote watakuwa wamekimbilia milimani kwa kuogopa maiti. Nikamwambia tutakimbia na kofia. Akasema kofia hiyo itanizalia upara.

Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti mbele ya wanaume wawili wazima, na nikawa natafsiri huku nacheka. Safari hii maneno na kicheko, vyote viwili vilipita.

Bwana Pimamaji alitutazama, huyu kisha huyu, kama anayetafuta povu limesimama wapi kwenye kile kifaa chake. Akatuuliza swali moja tu: kama mzee alikuwa anatania, na yeye alipoanza kufukia, watu walidhani anafanya nini?

Nikamwambia walidhani na wewe unatania. Walikusifu sana.

Akakaa juu ya mfuko wa saruji. Uso ulibadilika rangi, nikadhani ameudhika. Kumbe ndivyo wanavyocheka watu wa kwao, ndani kwa ndani, mabega tu ndiyo yanatetemeka. Akafuta macho. Halafu akakumbuka barua, mabega yakasimama.

Barua ilikuwa imeshaondoka. Akaandika nyingine palepale, ila treni ya siku ile ilikuwa imeshapita, na kamati ingesoma ile ya makaburi kwanza.

Akaniambia hawezi kuniahidi kitu. Anachoweza ni kuzuia lori lisibebe saruji mpaka jibu lije, na kama jibu litakuta ukuta umesimama, litakuwa jibu lenye kazi ngumu zaidi. Ila mtaro alikuwa ameufukia, na nguvu ni za wanakijiji. Sijui kama watakubali kuchimba mara ya pili, akasema. Waulize.

Mimi niwaulize. Kijiji.

Nawapa mwisho wa mradi kwanza, maana najua humu kuna watu hawana subira.

Jibu la ng'ambo lilikuja wiki nyingi baadaye na lilikuwa la rambirambi. Ukurasa mzima, kamati inawapa pole wananchi wa Kisanga kwa ndugu zao waliolala kiwanjani, na wamewaombea kanisani kwa dakika moja ya ukimya. Chini kabisa, kwa kalamu tofauti, mtu ameongeza kwamba barua ya pili imefika wakati hii inafungwa, hawajaielewa vizuri, lakini kama ukuta umeshasimama basi endeleeni. Babu Maganga alidai asomewe mara tatu. Alisema ni watu wachache wanaopata rambirambi zao wakiwa hai.

Ukuta ulikuwa umesimama kweli. Kisha tembo mmoja wa upande wa Mikumi akaja kujikuna mgongo kwenye kona mbichi, tukaijenga upya. Kisha mabati yakachelewa. Kisha likizo yangu ikaisha, na mengine niliyasoma kwenye barua alizoandika mwinjilisti kwa niaba ya mama. Lakini zahanati iliisha, na mama alizalisha humo miaka mingi, penye madirisha yanayofunguka.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukipewa kazi ya kufikisha maneno ya mtu, fikisha na uso wake. Na aibu, wakuu, watu huiita adabu, mimi mwenyewe niliiita hivyo miaka mingi, lakini siku ile ilikuwa uvivu wa mdomo tu, na nusura wengine waulipie.

Nimemaliza aibu yangu, leteni zenu. Kama kuna aliyewahi kuharibu jambo kubwa kwa kunyamaza, aandike hapa chini. Wanyamwezi mnaokuja na matusi mnakaribishwa pia, nimeshazoea.

NAONGEZA: Kuna ndugu ameniuliza inbox, sasa asubuhi yake ulifanya nini, mbona umeruka. Nimeruka makusudi, ila haya.

Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, watu walikuja kiwanjani wamechangamka. Walikuwa wamefunga maua ya porini kwa kamba, wamtanie Bwana kwa msiba wa jana. Yeye alisimama kando, kofia mkononi, hajui pa kutazama. Mama alikuwepo, nyuma kabisa, amejifunga kanga kiunoni.

Nilipanda juu ya rundo la kokoto. Linateleza, sikushauri.

Nikasema, "Bwana hakutania jana. Mimi ndiye niliyemwambia ni kaburi, na ukuta usiposimama saruji itakwenda Magole."

Maua yakashuka taratibu. Hakuna aliyecheka, hata Babu Maganga. Nilikuwa nimepanga maneno mengine usiku mzima, ya kuomba msamaha na ya kuwabembeleza, yapo kwenye daftari mpaka leo. Halikutoka hata moja.

Nikashuka. Nikachukua jembe la mama mkononi mwake, nikaenda kwenye kona ya wodi ya wazazi, nikaanza kuchimba. Udongo ulikuwa laini, wa jana. Nilishapiga kama mapigo kumi hivi niliposikia jembe la pili nyuma yangu, na sikugeuka kuona ni la nani.